Kwa Aliyepima Kuchelewa Kwangu

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro,
Hakodate, mwezi wa pili, theluji hadi magotini.
Navua glovu za sufu, navaa za pamba nyeupe
kama mbeba jeneza,
natumbukiza sarafu ya yeni mia,
na mashine inaniita kwa jina nililojipa nikiwa na miaka kumi na minne:
SAMAKI BUBU.

Muziki sikujaliwa. Mwalimu wa kwaya aliniomba
nifumbue mdomo tu, sauti nisitoe,
nami nikafumbua, miaka mitatu mizima.

Sasa noti zinashuka. Nyekundu, buluu, buluu,
nyekundu-nyekundu.

Bwana Kuramochi, jina lako nimelisoma mwishoni,
katika orodha ipitayo upesi
wenzangu wakiwa wanatafuta makoti yao.
Mpangaji wa noti. Kumbe ni wewe.
Wewe uliyekesha na sekunde nne za ngoma,
ukazirudia mara mia tatu hadi mkeo akafunga mlango,
ukaamua: hapa mkono upumzike,
hapa udanganywe,
hapa pigo lisiwepo kabisa,
mchezaji ausikie moyo wake ukiziba pengo.
Sijakuona hata pichani, lakini najua wewe ni mashoto.
Ugumu wako wote unaanzia upande huo.

Nawe, Hatori, uliyeandikiwa neno moja, «makofi»,
uliyapigia wapi? Nahisi ni chooni,
kwa ajili ya mwangwi wa vigae.
Nimeyasikia kuliko nilivyoisikia sauti ya dada yangu.

Ila niliyemjia leo hana jina katika orodha.
Ni yule aliyekata dirisha.

Maana dirisha lipo. Pigo likikawia
kwa kiasi cha kope kuanza kushuka, linahesabiwa.
Likikawia zaidi kidogo, haliitwi tena Kamili,
linaitwa Zuri, na bado linahesabiwa.
Basi siku moja, mezani, kati ya vikombe vya karatasi,
mtu fulani aliulizwa:
tumvumilie mchezaji kwa kiasi gani?
Naye hakujibu: hata chembe.

Baba yangu aliendesha treni miaka thelathini na sita.
Aliinyooshea saa kidole kila kituo, akaitamka kwa sauti,
hata nyumbani, mbele ya jiko la wali.
Nikichelewa chakula, alikula, akamaliza, akaosha bakuli lake.
Nilipochelewa hospitali
(theluji, barabara ya mlimani imefungwa)
alikuwa amemaliza hilo nalo.
Dakika kumi na moja.

Wiki ile nilikuja hapa kwa kuwa
hapakuwa na mahali pengine penye kelele za kunitosha.
Mikono ilitetemeka. Kila pigo langu
lilikuwa nyuma ya wimbo, likiufuata
kama mtoto anayeburuta kiatu kilichofunguka.
Na kioo kikaandika:
Zuri. Zuri.
Zuri.
Zuri.
Wimbo mzima, Kamili hata moja sikupata,
na mwisho wake nikavuka.

Bi Iwabuchi, mfuta mashine, alinikuta nimeinamia vitufe.
Hakuuliza. Alinipa kitambaa kilekile cha kazi,
kinanuka spiriti, nikajifuta nacho uso.

Kawia ufike: wengine wameusema tu.
Wewe, usiye na jina, umeuandika kwa tarakimu,
ukaufungia ndani ya sanduku la chuma
ambamo hata baba yangu angelazimika kuutii.

Sijui kama ulikuwa huruma
au ulikuwa umechoka, unataka kwenda kulala.
Sitaki kujua.

Tramu ya mwisho inapita chini saa nne kamili,
kwa wakati wake, bila mimi.
Sarafu iko moja. Glovu zimelowa jasho.
Nyekundu,
buluu,
nakuja.